Mali halisi za uendeshaji zikiwa ndogo, nani anagharamia?

Maafisa wa mikopo na madalali wa hisa jijini Nairobi huipenda kampuni inayopata faida kubwa kwa mali kidogo. Kipimo chao ni mali halisi za uendeshaji: mali zote zinazofanya kazi ya biashara, ukitoa madeni yanayotokana na biashara yenyewe. Wana haki ya kukipenda. Ila hakisemi kama kampuni inautumia mtaji wake vizuri au inawacheleweshea malipo wanaoiuzia bidhaa.

Tuchukue msambazaji wa vifaa vya ujenzi wa Eneo la Viwanda. Tarakimu ni za kubuni, kwa milioni za shilingi. Mali zake ni 930: pesa taslimu 40, hati za Hazina 60, wadaiwa 180, stoki 220, marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anayosubiri kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, 30, mitambo na malori 310, na haki ya kutumia godauni alilopanga 90. Ondoa pesa taslimu na hati za Hazina, ambazo si za uendeshaji, zinabaki 830. Madeni ya uendeshaji ni wagavi 240, mishahara na kodi zinazodaiwa 35, amana za wateja 25 na kodi ya mapato iliyoahirishwa hadi miaka ijayo 20, jumla 320. Mali halisi za uendeshaji ni 510.

Hakiki kutoka upande wa pili. Mtaji wa wenye hisa 295, jumlisha ovadrafti (pesa za benki zilizotolewa kupita salio) 70, mkopo wa benki 150 na deni la kupanga (malipo ya godauni ya miaka ijayo) 95, toa pesa na hati 100: ni 510 tena. Zisipolingana, kuna kitu umekihesabu mara mbili au umekisahau, na mara nyingi ni mkopo wa mkurugenzi uliofichwa ndani ya "wadai wengine". Huo ni ufadhili hata kama hautozwi riba.

Faida ya uendeshaji ni 102. Ukitoa kodi ya asilimia 30 inabaki 71.4, sawa na kipato cha asilimia 14 ya mali halisi. (Kwa kampuni halisi tumia wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka; mizania ya tarehe 31 Desemba hupambwa.)

Hapa wengi hukosea. Tangu IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali za kupanga, ianze kutumika 2019, riba ya deni la kupanga haitolewi tena kabla ya kufikia faida ya uendeshaji. Mchambuzi akiliweka deni hilo pamoja na wagavi, mali halisi zinashuka hadi 415 na kipato kinaruka hadi asilimia 17.2 bila kampuni kuuza hata msumari mmoja zaidi. Ukitaka liwe deni la uendeshaji, rudisha riba yake kwenye gharama. IFRS 18, kanuni mpya ya uwasilishaji wa taarifa za fedha, kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2027, itafanya faida ya uendeshaji kuwa jumla ya lazima kwenye taarifa ya mapato, lakini mizania bado utaipanga mwenyewe.

Sasa wale wagavi 240. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 730 kwa mwaka, yaani 2 kwa siku, kwa hiyo wanalipwa baada ya siku 120. Tuseme mkataba unasema 60. Wakilipwa kwa wakati, 120 zinahamia kwenye ovadrafti, mali halisi zinapanda hadi 630 na kipato kinashuka hadi asilimia 11.3. Ovadrafti ya asilimia 15 hugharimu 10.5 baada ya nafuu ya kodi. Pengo kati ya kipato na gharama hiyo, lililokuwa alama 3.5 za asilimia, limebaki 0.8.

Watetezi watasema nguvu ya kujadiliana ni mali, na hawajakosea: duka linalouza maziwa ndani ya siku 3 na kulipa baada ya 30, kama mkataba unavyotaka, linafadhiliwa kihalali. Msambazaji wetu stoki yake hukaa siku 110, na nusu ya deni imepitwa na muda. Mgavi mmoja akidai pesa mbele, hesabu nzima inageuka. Zaidi ya hayo, tangu marekebisho ya 2019 sheria ya ushindani Kenya inahesabu kuchelewesha malipo bila sababu kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi.

Mali halisi kubwa nazo zina onyo lake. David Hirshleifer na wenzake, 2004, walipima kampuni za Marekani na kukuta zile zilizolimbikiza mali halisi nyingi zikilinganishwa na jumla ya mali zilifuatiwa na mapato duni ya hisa. Soko la Nairobi lina kampuni sitini na kitu, nyingine hazibadilishani hisa kwa siku kadhaa, kwa hiyo nisingenunua wala kuuza kwa kigezo hicho pekee. Benki ziache kabisa, kwani amana ndizo malighafi yao. Kwa kampuni nyingine, kabla ya kuisifu asilimia 14, omba orodha ya wadai kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90, na zaidi ya hapo.