Uvimbe hausikii kigari

Nimekaa na hili jambo tangu Jumamosi. Naandika nafuta, naandika tena nafuta, maana najua baadhi ya ndugu wanapita humu na sitaki lawama. Leo Ijumaa bado linanichemka kifuani kwa hiyo lawama zije tu.

Mnaofuatilia mnajua mke wangu ana kansa ya titi na kwenye dawa zake (kemo) tumefika dozi ya tano kati ya sita, kila baada ya siku 21, na mnajua ile wiki ya kwanza baada ya dozi nyumba inakuwaje. Jumamosi, siku mbili kabla ya dozi, tulipata mgeni. Ndugu wa karibu, mtu mzima na heshima zake, na kumpenda mke wangu anampenda, sitaki kumwonea. Akamkuta mwanangu wa miaka minne anaendesha kigari chake kwenye korido na milio yote, injini, breki, honi, ajali. Akamshika mkono, akainama mpaka wakatazamana, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Baba, usipige kelele eeh? Ukimsumbua mama, ugonjwa wake utazidi."

Akampapasa kichwa, huyo akaingia chumbani kumwona mgonjwa. Mimi nilikuwa palepale na beseni la nguo mkononi. Sikusema kitu. Nikajiambia aah, si maneno tu ya watu wazima, nani hajawahi kuambiwa hivyo utotoni.

Basi dogo akatulia. Kigari akawa anakisukuma kwa kidole kimoja, kimyakimya. Akipita mlango wa chumba cha mama yake ananyata. Mezani haongei. Na sisi wazazi wenye akili zetu timamu tukafanya nini? Tukamsifia! "Siku hizi umekuwa mkubwa, mtoto mzuri, unamsaidia mama." Nikikumbuka hapo natamani nijizabe kofi. Jumapili usiku akakojoa kitandani, mtoto ambaye hajakojoa kitandani zaidi ya mwaka. Jumatatu tena. Nikabadilisha shuka huku nanung'unika kimoyomoyo, maana kwenye nyumba yenye mgonjwa kufua hakuishi, na sikujiuliza hata kidogo kwa nini.

Jumanne usiku mama yao akatapika vibaya. Hiyo dawa ndo ilivyo, siku ya dozi unaweza kumwona mzima tu anatania, kesho yake ndo inamkumbuka. Mimi nimeshika ndoo, mkubwa wa miaka saba kaleta taulo bila kuambiwa, dogo haonekani. Hali ilipotulia nikaanza kumtafuta chumba kwa chumba. Nikamkuta nyuma ya mlango wa bafu, kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Namwambia toka mwanangu, hatoki. Namuuliza umeona nini, kimya. Mwisho akalegeza vidole kidogo tu, sauti ipenye, akanong'ona: "Nilikohoa."

Sikuelewa. Ilinichukua muda kuunganisha. Mtoto alikohoa kidogo kitandani kwake, halafu dakika chache baadaye akasikia mama yake anatapika upande wa pili wa ukuta. Kwa hesabu aliyopewa na mgeni wetu, jibu ni moja. Yeye ndo kafanya. Siku tatu nzima mtoto wa miaka minne alikuwa analinda uhai wa mama yake kwa kubana pumzi, halafu ikamtoroka kikohozi kimoja.

Chuoni nilisoma habari za Piaget, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, kwa ajili ya mtihani, nikajibu, nikapata alama zangu, nikamsahau. Yule Mswisi aliandika zamani sana kwamba mtoto wa kama miaka miwili mpaka saba ana namna yake ya kufikiri, mambo mawili yakifuatana basi la kwanza limeleta la pili, na yeye mwenyewe yupo katikati ya kila kitu. Leo amekasirika kamwambia mama "sikutaki", kesho mama kalazwa, kesi imeisha, mkosaji kapatikana. Hakuna haja ya mtu kumfundisha, anafika huko mwenyewe. Kwa hiyo hata bila ile Jumamosi inawezekana dogo alishajihukumu kitambo ndani kwa ndani. Mgeni alichofanya ni kuigongea mhuri hukumu. Na mhuri wa mtu mzima kwa mtoto ni mhuri kweli, hauna rufaa.

Sasa jamani, kansa ni seli za mwili wa mtu zimeacha kufuata utaratibu, zinagawanyika hovyo wakati zilitakiwa zitulie. Hazina masikio. Uvimbe hausikii kigari. Hakuna daktari hata mmoja tuliyepita kwake aliyetuuliza watoto wenu wanapiga kelele kiasi gani, wameuliza habari za joto, vidonda vya mdomoni, ganzi ya vidole, haja kubwa (samahani), ila kelele za kigari hapana. Wangejua kwamba ugonjwa unazidi kwa kelele za watoto si wangeandika kwenye cheti, mgonjwa apewe dawa hii mara mbili kwa siku na watoto wafungwe midomo mara tatu.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtaniambia. Mgonjwa anahitaji utulivu, ni kweli. Hata mimi nawafokea, wiki iliyopita tu nimepiga ukelele wa "NYAMAZENI MAMA AMELALA" ambao ndo ulimwamsha. Lakini "mama amelala, ongea taratibu" ni habari ya usingizi, mtoto anaielewa, na ikivunjika mama anaamka basi, anarudi kulala. "Ukipiga kelele atazidi kuumwa" ni habari ya uhai na kifo umembebesha mtu ambaye bado anavaa viatu kinyume. Vitu viwili tofauti kabisa. Ukishindwa kuona tofauti, nyamaza wewe.

Tena nisijifanye mtakatifu, uongo wa kwanza kwenye hii nyumba niliutunga mimi. Mwanzoni kabisa, majibu yametoka, hatujui tuanzie wapi, nikawaambia watoto mama ana kidonda ndani. Nikaona nimetumia hekima kweli, neno dogo, laini, haliogopeshi. Wiki haijaisha dogo akaanguka akachubuka goti, kidonda cha kawaida cha kuosha na maji, akalia kama amevunjika mguu. Analia anauliza na yeye atalazwa lini. Nikamwambia hapana, hicho kidonda kingine, hiki kidonda kingine, nikawa najikanyaga mwenyewe kama shahidi wa uongo mahakamani. Ndo nikajua kwa nini manesi wanatuambia tutaje ugonjwa kwa jina lake. Jina lake halina kazi nyingine. Kidonda anacho kila mtu, mafua anayo kila mtu, "kuumwa" anaumwa kila mtu. Kansa ni kansa. Mtoto akilijua hilo neno anaweza kuliweka pembeni, goti likawa goti tu.

Na mkubwa? Mkubwa alikuwa anajua. Tulikuwa tunanong'ona jikoni usiku tukidhani tunaficha, kumbe mtoto akisikia mnong'ono ndo anatega sikio zaidi, ukiongea kawaida hana habari na wewe. Akaokota neno, akaenda kumuuliza rafiki yake shuleni, na rafiki kwa utaalamu wake wa miaka saba akamjibu ukiwa nayo unakufa. Alitembea na hilo jibu siku tisa. Siku tisa! Anakula, anaoga, anafanya homwek, anatuangalia tunavyotabasamu kinafiki. Alipolipuka hakulia kwa sababu ya kansa, alilia kwa sababu tulijua hatukumwambia. "Nyie wote mlijua." Hilo sentensi bado naliogopa kuliko maneno mengi niliyosikia kwa madaktari.

Ndo siku tukakaa wanne kitandani tukaanza upya. Mama yao ndo aliongea, mimi nilikuwa natazama dari. Aliwaambia inaitwa kansa, iko kwenye titi. Haiambukizi, mnaweza kunikumbatia mpaka mchoke, na nikianza mionzi mnaweza kunikumbatia pia, ile mashine ikizimwa mionzi haibaki mwilini. Dawa inawinda seli zinazokua haraka, na nywele nazo zinakua haraka kwa hiyo zitapukutika, zisiwashtue. (Zilianza kutoka wiki ya tatu, mkubwa akaomba mkasi akazikata yeye, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi, na mama mtu akakaa nazo hivyohivyo siku mbili kwa fahari.) Akawaambia hakuna mliyefanya kitu kikasababisha. Mkubwa akauliza utakufa? Akamjibu kuna wanaokufa na kuna wanaopona, madaktari wanajitahidi na mimi najitahidi, na kama kitu kikibadilika mtaambiwa nyie kabla ya wageni. Mkubwa akafikiri, akauliza nani atampeleka shule. Hivyo tu. Watoto wanaingia kwenye huzuni kama dimbwi, wanachovya mguu, wanatoka, wanaenda kucheza, wewe mtu mzima umebaki umezama mpaka shingoni unashangaa.

Kosa letu, tulimwambia dogo mara moja tukadhani imeingia. Mtoto wa miaka minne huwezi kumwambia mara moja. "Si wewe uliyesababisha" ni ya kurudia kama kupiga mswaki, asubuhi na usiku, mpaka mwenyewe uchoke kuisikia. Hatukurudia, nafasi ikabaki wazi, mgeni akaijaza. Kwa hiyo sehemu ya hii hasira ni yangu mwenyewe, najua, mke wangu ameshanikumbusha.

Sizungumzii kumwaga kila kitu. Asilimia za kupona sijawaambia watoto, na mimi mwenyewe kuna kurasa nimekataa kusoma. Ila kati ya kumwambia mtoto takwimu na kumwambia uongo kuna uwanja mpana tu. Na hao wa "mwambie mama amesafiri" ndo siwawezi kabisa. Amesafiri bila kuaga? Kila ukichukua begi mtoto ataganda mlangoni. Wengine mtu akifariki wanasema "amelala", halafu saa tatu usiku wanashangaa mtoto anagoma kulala.

Mambo mengine nayapitia haraka maana nikianza sitamaliza. Ukija unakohoa, rudi, hatutakasirika, huku joto la mgonjwa likifika 38 tunakimbia hospitali usiku huohuo maana seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zimeshuka. Mtoto wako akiwa na tetekuwanga usije kutusalimia mlangoni na yeye mgongoni. "Mkihitaji chochote semeni" ni sentensi nzuri, asante, njoo ufue. Na aliyemwambia binti yangu wa miaka saba "sasa wewe ndo mama wa hii nyumba", Mungu akubariki, mama wa hii nyumba yupo, ana upara na amekasirika.

Halafu si kwamba kila siku ni kilio. Zile dawa za steroidi wanazompa kuzuia kichefuchefu zinamnyima usingizi, na kwenye dozi ya tatu niliamka saa tisa usiku nikakuta taa sebuleni inawaka, mke wangu katoa droo zote anapanga vifuniko vya vyombo kwa ukubwa, watoto wote wawili wako naye sakafuni wanapokea amri. Nikataka kufoka kesho shule. Nikakaa nikapanga vifuniko. Hizohizo steroidi keshokutwa yake zilimfanya amfokee dogo kwa sababu ya kijiko, kijiko tu jamani, na baadaye akamwita akamwambia ile ilikuwa dawa inaongea. Tangu hapo dogo akifokewa na mtu yeyote anauliza, "Na wewe umekunywa dawa?" Mwalimu wake hakufurahi.

Sasa Jumanne usiku, kule nyuma ya mlango wa bafu, niliongea sana nikagundua naongea na ukuta. Baba anaweza kusema anachotaka, hukumu hakutoa yeye. Akaja mama yake mwenyewe, kakaa sakafuni kwenye vigae, uso umemvimba, bado ananuka matapishi, akamwambia hebu kohoa. Akakataa kwa kichwa. Kohoa baba, kwa nguvu. Akakohoa kidogo kama panya. Wakasubiri. Unaona, niko vilevile. Kohoa tena. Akakohoa. Piga kelele. Akaniangalia kwanza mimi, kama kuomba ruhusa, halafu akapiga yowe moja la kupasua mbavu na saa zenyewe saa tano usiku. Wakasubiri tena. Mama mtu akajipapasa titi, akajipapasa kichwa, akasema naona hakuna kilichozidi, jaribu tena. Alijaribu kama mara sita. Majirani mnisamehe.

Hajapona, msidhani. Jana asubuhi nimemkuta ananyata tena. Kigari ameanza kukirudishia injini lakini honi bado. Shuka la jana lilikuwa kavu, la leo hapana.

Mgeni wetu ametuma ujumbe anakuja tena Jumapili. Nimemjibu karibu sana, na kweli karibu, mke wangu anafurahi ukija. Ila ukifika huyo mtoto atakuwa koridoni. Umtafute yeye kwanza kabla ya mgonjwa, uiname vilevile kama ulivyoinama siku ile, umwambie ulikosea. Mimi akiniamini ni nusu, mhuri ule ni wako. Halafu ukimaliza muulize honi ya gari lake inaliaje.