Kidole Kilikuwa Ndani

Wiki mbili nyuma nilikuwa kwenye boti ya abiria kutoka Mokowe kwenda Lamu mjini. Watu wamebanana, mtoto kalala mapajani mwa mamake, gunia la viazi katikati. Mbele yangu kakaa bwana mmoja wa makamo, shati nje. Boti ilipopiga wimbi shati likapanda, na bastola ikaonekana, imechomekwa kiunoni bila hata mkoba wake. Akaipapasa, akaishindilia chini upesi, kama mtu anayerudisha simu mfukoni.

Nilikuwa na ami yangu, aliyewahi kuwa askari wa akiba upande wa Hindi, kuku huku Lamu, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Hakusema kitu hadi tulipofika gatini. "Umeona alivyoishika? Kidole kilikuwa ndani, mwanangu. Kwenye triga."

Sijui kama bwana yule ni raia au ni askari kanzu, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Kwa mama aliyempakata mtoto pale, tofauti ni ipi?

Kwenye karatasi tofauti ipo, tena kubwa. Sheria ya Kenya ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inamwambia polisi lini anaruhusiwa kufyatua risasi, inamtaka ajitambulishe na atoe onyo kwanza, na akiua au kujeruhi vibaya, IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, iarifiwe. Raia mwenye bastola ana cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Siku akifyatua, anaangukia Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kwa habari ya kujitetea kinamrudisha kwenye misingi ya sheria ya Kiingereza. Mwishoni mwa 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na ilifanya vyema. Lakini kujua mtu ni nani ni jambo moja, na kujua mkono wake unafanya nini boti ikirushwa ni jingine.

Msinielewe kwamba nawasifu polisi. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichunguza polisi wa New York, ikakuta kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi, risasi zao zilizofika shabahani zilikuwa asilimia 18 tu. Nyingine zilikwenda zilikokwenda. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili wa mji huohuo walifyatua risasi 16 kumkabili muuaji, na wapita njia tisa wakaumia, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hao ni watu wa mshahara na mazoezi. Na katika nchi hiyohiyo, zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanamruhusu mtu mzima kuficha bastola kiunoni bila kibali chochote.

Sasa chukua hesabu hiyo uilete kwenye vichochoro vya Lamu, ambapo punda akipita na mawe wewe unajibana ukutani. Risasi ikikosa itakwenda wapi? Kuna baraza la wazee, kuna watoto wa chuoni wanaotoka na misahafu.

Nakubali, Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine, na wapo walio hai leo kwa sababu yao. Siwataki wanyang'anywe. Nataka kipimo kimoja: anachofaulu polisi kila mwaka kwenye shabaha, raia naye akifaulu, mbele ya mtu asiyekula ada yake. Na kwenye kuiacha bastola ilale, raia apimwe zaidi. Polisi kazi yake ni kwenda kule kwenye kelele. Raia ana ruhusa ya kukimbia, na hilo nalo hufunzwa. Polisi naye, kama hafiki kipimo hicho, basi aiweke chini mpaka afike.

Nilimuuliza ami yeye alipimwaje miaka ile. Akacheka. Bunduki aliirudisha mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. "Nalilenga dafu pale shambani," akasema, "nikaona madafu mawili."