Miche Iliyozikwa na Viriba Vyake

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ukingo wa Mto Mara, upande wa Tanzania, mahali ambapo miezi mitano kabla yake tulipanda miti kwa hotuba, fulana na picha nyingi. Nilivuta mche mmoja uliokauka, ukang'oka mzima, mizizi yake ikiwa bado imebanwa ndani ya kiriba cheusi cha plastiki. Nikavuta wa pili, hali ni ileile. Ni siku nyingi sijapata hasira kama ile.

Hasira hiyo si ya kijiji kimoja. Mto huu unaanzia Mau nchini Kenya, unakusanya maji ya Nyangores na Amala, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, na kutoka ziwani maji yanashika njia ya Nile hadi Misri. Nchi za bonde la Nile zilianzisha ushirikiano wao mwaka 1999, na mkataba wa matumizi ya maji hayo uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024. Siubezi mkataba huo, ila kwa miaka yote hiyo ugomvi mkubwa umekuwa juu ya mgawo wa maji, ilhali mto wenyewe unaumia ukingoni.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pale niliposimama nilihesabu hatua nane tu kutoka majini hadi kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Mvua ikinyesha, udongo wa shamba hilo hauna cha kuuzuia, unateremka mtoni na kuyafanya maji kuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Matete na mafunjo ndiyo yaliyokuwa yakishika udongo huo, yakipunguza kasi ya maji na kuchuja tope, na yakiachwa bila kulimwa wala kuchomwa moto huota yenyewe. Kwa hiyo fedha za kuuokoa mto zingeanza na vigingi vya kuonyesha mita hizo 60, na malambo ya kunyweshea ng'ombe mbali na ukingo ili kwato zao zisiendelee kuubomoa. Miche ifuate baadaye, tena ya asili. Mikaratusi inayonyonya maji kwa pupa isikaribie kabisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenye mahindi yale huenda hana shamba jingine, na kumwondoa bila kumpa pa kulima ni kumhamishia yeye madhara ya misitu iliyofyekwa kule juu Mau, ambayo hakuifyeka. Basi alipwe, kwa kuwa kazi ya kuuacha ukingo upumzike anaifanya kwa niaba ya wote wanaokunywa maji hayo.

Kabla ya kuondoka tulichana viriba vya miche kumi na mmoja iliyokuwa bado na majani mabichi, tukaipanda upya na kuimwagilia. Mbele kidogo, kwenye kipande ambacho mwenyewe aliacha kukilima misimu miwili iliyopita, matete yalikuwa yamenipita kimo, na maji yaliyotoka chini yake yalikuwa yakionyesha mchanga.