Kwaiti na kilo 18 za nyama

Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza. Nalisema hili mapema ili ujue nilianguka kutoka urefu gani.

Mwalimu wetu wa kidato cha pili alitufundisha maneno ya kiasi kwa fimbo na kopo moja la sukari. Ukisema "a little sugar", sukari ipo, bandika chai. Ukisema "little sugar", mgeni akibisha hodi kaa kimya mpaka aondoke. Mwenye "a few friends" ana marafiki. Mwenye "few friends" ana matatizo. Ka-"a" kale kadogo ndiko kanakoamua kama mgeni atakunywa chai au hatakunywa.

Wenzangu waliteseka, na mimi nawatetea mpaka leo. Kwetu maji ni mengi, maziwa ni mengi, mafuta ni mengi, yote yamevaa wingi kama machungwa na madawati. Leo mtoto aambiwe maji hayahesabiki, asithubutu kuandika "many water"! Mizigo tunaihesabu mmoja mmoja hadi juu ya keria ya basi, Mwingereza anasema "luggage" ni kitu kimoja, kama uji. Fanicha nazo hivyo hivyo. Halafu tuna "kidogo" moja inayofanya kazi za maneno mawili, na tofauti tunaitia pembeni: sukari ipo kidogo, karibu, sukari ni kidogo, tusamehe. Mimi haya yote niliyashika. Nilipata 94.

Miaka ikapita, nikawa kiongozi msaidizi wa kupandisha wageni Kilimanjaro. Kampuni siitaji, bado nakula kwao. Wagumu, yaani wapagazi wetu, waliniita Mwalimu kwa sababu ya hicho Kiingereza. Ndiyo maana barua pepe ya Waingereza 11 ilipofika, bosi alinisukumia simu yake.

"Mwalimu, hawa wanasema nini kuhusu chakula?"

Nikasoma: "Please note that quite a few of us are vegetarian."

Nikaichambua kisomi. "A few", wachache. "Quite", kabisa. Wachache kabisa. Watu wawili, wakizidi sana watatu. Nikamwambia bosi, "Mama, hawali nyama wawili tu. Waliobaki ni simba."

Mpishi wetu ni mzee mmoja wa Kibosho ambaye kwa wageni tunamtambulisha kama injinia wa tumbo. Nikaenda naye Mbuyuni sokoni na orodha niliyoiandika kwa mkono wangu: nyama ya ng'ombe kilo 18, kuku 12, soseji, mayai. Kwa wale wawili, kabichi moja, karoti fungu moja na matango manne. Mzee akaishika ile kabichi, akaigeuza kama anayeangalia tairi bovu.

"Mdogo wangu, una hakika?"

"Mzee, ni wachache kabisa. Kabisa!"

Siku ya safari tukapima mizigo kwenye mizani ya geti la Machame, maana mgumu habebi zaidi ya kilo 20, na nyama peke yake ilikula karibu mtu mzima. Aliyepangiwa mzigo ule alikuwa kijana wa Uru, mwembamba, anacheka muda wote. Akapanda nao msituni bila kujua kwamba amebeba aibu yangu.

Jioni, kambi ya Machame, karibu mita 3,000. Baridi imeshuka. Wageni wamekunywa chai na bisi, wamekaa ndani ya hema la kulia na taa zao za kichwani, wanameremeta kama wachimba madini. Nikaingia na sinia la rosti. Mzee alikuwa ameiunga kwa tangawizi na hoho mpaka hema la jirani walikuwa wanameza mate. Nikaliweka katikati ya meza, nikasubiri makofi.

Pakawa kimya.

Kiongozi wa kundi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole inayotisha, akaniuliza kama nilipata ujumbe wao. Nikasema ndiyo. Akasema, "I did say quite a few." Nikajibu kwa furaha, "Yes, madam, quite a few!" na ili aone kwamba tumeelewana, nikamwonyesha kwa vidole: kidole gumba na cha shahada vimekaribiana, kama unavyoonyesha chumvi ya kutia kwenye yai.

Yule mama akaangalia vidole vyangu. Kisha akawageukia wenzake na kuwaomba wasiokula nyama wanyooshe mikono.

Ikanyooka minane.

Nilihesabu mara mbili, nikitumaini kwamba kuna mtu kanyoosha yote miwili. Watu wanane kati ya 11, na mimi nina kabichi moja kwa siku saba. Yule mama akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto habari za msiba, kwamba "quite a few" ni wengi. Si wachache, wala si wachache kabisa. Wengi! Waingereza wamechukua neno la wachache, wakalitia neno la kuongeza nguvu, likatoka wengi. Hebu niambie, wewe ungejuaje? Kwetu ukisema "wachache sana" wanazidi kupungua. Kwao wanazaana.

Nikatoka nje. Mzee alikuwa ameinama juu ya jiko. Hakuuliza kitu, alinitazama tu usoni, akafunika sufuria.

"Wangapi?"

"Wanane, mzee."

"Wanane wanakula?"

"Wanane hawali."

Akakaa juu ya ndoo. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha ghafla kwa sababu alikumbuka mpishi ni yeye. Usiku ule wale wanane walikula wali, maharage ya wagumu na nusu ya kabichi. Nilipiga simu mjini nikiwa nimesimama juu ya jiwe moja ambako mtandao unashika ukiinamisha shingo. Bosi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko salio langu. Alfajiri vijana wawili wakateremka hadi getini kupokea mboga zilizoletwa na gari, wakapanda tena na kutukuta kambi ya Shira jioni, wamelowa, wamebeba mchicha, viazi, njegere na parachichi. Nauli na jasho lao nililipa kutoka kwenye tipu yangu, hilo halikujadiliwa.

Na ile nyama? Swali zuri. Wagumu walikuwa zaidi ya 30, na kwa kawaida wanakula ugali na kabichi, au ugali na dagaa. Mwaka ule, kwa siku nne, walikula ugali na rosti ya tangawizi. Hawajawahi kunipenda namna ile. Kijana wa Uru alitangaza mbele ya watu kwamba mzigo aliobeba wa nyama ulikuwa mwepesi kuliko yote maishani mwake. Kila jioni mtu angechungulia hemani kwangu na kuuliza, "Mwalimu, leo tena ni kwaiti?" Kufika kambi ya Barafu, jina la Mwalimu lilikuwa limekufa. Nikawa Kwaiti.

Wageni walifika kilele cha Uhuru wote 11, mita 5,895, pamoja na wanane wangu wa mchicha, tena wakiwa mbele. Siku ya kuagana wakatuachia kitabu cha maoni. Mtu ameandika kwamba chakula kilikuwa "quite good". Nikamkimbilia mzee nacho: kizuri kabisa! Yule mama akanisikia, akasafisha koo. Akasema, kwa aibu kidogo, kwamba kwao Uingereza "quite good" si kabisa. Ni nzuri-nzuri hivi. Inapita.

Kwa hiyo "quite" hiyo hiyo inapandisha wachache na kuteremsha uzuri! Nikakirudisha kitabu mezani bila neno.

Wiki mbili baadaye kundi jingine likaandika, nalo lina wasiokula nyama. Safari hii sikuchambua chochote. Nilimwandikia yule mgeni kwa adabu zote, nikamwomba anipe idadi kamili, kwa tarakimu ikiwezekana. Mzee akaja na kikapu chake cha sokoni, akakaa kando yangu tukisubiri simu ilie.

Ikalia. Jibu lilikuwa fupi: "Oh, just a couple!"

"Wangapi, Kwaiti?" mzee akauliza.

Nikaitazama simu.

"Ama ni wawili, mzee," nikasema, "ama ni mtu na mkewe."

Mzee akanyanyuka na kikapu chake. "Nanunua kabichi kumi," akasema, akaondoka.