Mtafiti Aliyekuja Wakati wa Mbalamwezi

Mwezi ukiwa mpevu, kambi ya dagaa hupoa. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na usiku ukiwa mweupe taa haina kazi. Vijana hushona nyavu, wengine hupanda boti kwenda Mwanza mjini kutumia walichopata, wengine hurudi Magu au Sengerema kuwaona watoto. Sasa mfikirie mdodosaji anayeshuka kambini wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, kishikwambi mkononi. Atamkuta nani? Mama lishe, wazee wawili watatu, na yule kijana ambaye hata wenzake hawamchukui kwenye mtumbwi. Atawahoji kwa bidii zote, atashukuru, na ripoti itakuja kusema "wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria".

Nimewahi kuwa mdodosaji wa namna hiyo, miaka mingi iliyopita, kwenye kisiwa kimoja cha upande wetu huu. Ndiyo maana nikiwasikia watu pale Kirumba wakisema tafiti ni za kula posho tu, siwacheki. Wala sikubaliani nao. Ugomvi wangu uko kwenye dawa tuliyozoea kuipendekeza: kwamba wananchi hawawaamini wataalamu kwa kukosa elimu, basi wapewe semina. Ninavyoona mimi, kutoaminiana huku hakungoji ripoti itoke. Kunaingia kwenye majibu siku ileile dodoso linapojazwa.

Ushahidi mzuri zaidi wa hilo umetoka kwa watafiti wenyewe, tena hapahapa mkoani Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana, wa elimu ya afya ya uzazi kwa vijana wa vijijini. Ndani yake wanasayansi ya jamii walifanya kitu ambacho wengi hukikwepa, yaani kuzipima njia zao wenyewe. Walilinganisha njia tano: dodoso la kujaza mwenyewe, mahojiano ya ana kwa ana, mahojiano ya kina, mtafiti kuhamia kijijini na kuishi na watu, na vipimo vya maabara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Njia hazikupatana. Wapo wasichana ambao vipimo vilionyesha ujauzito au ugonjwa wa zinaa, na huku walikwishajibu kwamba hawajawahi kukutana na mwanamume. Mahojiano ya kina, yale ya kukaa na mtu na kumwachia aongee, ndiyo yaliyowafanya baadhi yao waseme zaidi.

Ni rahisi kusema walidanganya. Lakini aliyeulizwa ni binti wa shule, anayemuuliza ni mgeni, na katika nchi hii hadi Novemba 2021 mwanafunzi akipata mimba alikuwa anapoteza nafasi yake shuleni. Angejibu nini? Mvuvi naye yuko hivyohivyo. Baada ya Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, watu wakiwa wameona nyavu zikiteketezwa na faini zikitozwa, aje mtu mwenye fulana ya mradi aulize nyavu zako zina macho ya inchi ngapi. Atatajiwa saizi ya kwenye sheria, hata kama kokoro, wavu uliopigwa marufuku, limelundikwa nyuma ya nyumba na harufu yake inamfikia mpaka alipoketi. Kwa mvuvi, anayeuliza swali na anayekuja kuchoma nyavu wote wametoka serikalini. Mtafiti anajua si kweli. Ila alipofika kijijini alianzia wapi? Kwa mtendaji. Na aliyemtembeza nyumba kwa nyumba ni nani? Mwenyekiti wa kitongoji.

Hapo upande wa wananchi una hoja nzito kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri. Tatizo ni pale hoja hiyo inaponyooshwa ikawa "basi hakuna wanachojua, sisi tunalijua ziwa". Uzoefu nao ni sampuli, kipande kidogo cha kitu kizima, na mara nyingi ni mbovu kuliko ya dodoso. Mzee aliyevua miaka 40 ameona wavu wake na wavu wa jirani yake, katika ghuba moja. Akisema sangara hawajapungua, wamehama, huenda anasema kweli kuhusu ghuba yake na anakosea kuhusu ziwa lenye kilomita za mraba karibu 69,000. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuliona ziwa zima kutoka kwenye mtumbwi. Ndipo hesabu inapohitajika, pamoja na uchovu wake wote.

Kinachowaudhi watu zaidi, nadhani, ni wataalamu kupingana. Leo yai linafaa, kesho halifai. Mwanza tuna mfano wetu mkubwa. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za mkoa huu ziligawanywa jozi kwa jozi, kila moja na inayofanana nayo. Katika kila jozi moja ilipata huduma bora za kutibu magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyake vya afya, nyingine ikasubiri. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizopata huduma na 1.9 kwenye zile nyingine. Ni pungufu ya takribani asilimia 40, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 dunia nzima ya afya iligeuza shingo kuitazama Mwanza.

Miaka 4 baadaye, ng'ambo ya ziwa, utafiti wa Rakai nchini Uganda ukatoa majibu yake: watu walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa mkupuo, kila baada ya miezi 10 hivi, na maambukizi ya virusi hayakupungua.

Ukiisikia hadithi hii kwenye kahawa utaambiwa mmoja wao ni mwongo. Nami zamani nilidhani hivyo. Lakini tafiti hizi hazikuuliza swali moja. Mwanza walitibu wenye dalili, kila siku, wanapokuja zahanati. Rakai waliwapa dawa watu wote, wagonjwa na wazima, kisha wakaondoka kwa miezi. Rakai virusi vilikwishaenea mara kadhaa kuliko Mwanza, na gonjwa likishafika hatua hiyo, watu wengi huambukizana ndani ya nyumba, kati ya wenza wasio na kaswende wala kisonono, kwa hiyo kuyatibu hayo hakufungi tena mlango mkubwa. Isitoshe, vidonda vingi vya kule vilitokana na kirusi cha malengelenge, na antibiotiki hazikigusi. Kwa mtu wa fani, mgongano ule ulikuwa faida: ulionyesha tiba inafaa wapi na lini. Kwa mwananchi, aliyemletea matangazo ya kwanza kwa kishindo hakurudi kumweleza ya pili.

Halafu kuna papai. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, pwani ileile ya ziwa, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina virusi vya korona. Wengi walicheka, wengi wakashangilia. Wachache walisema jambo ambalo mimi naliona la msingi: kuipelekea maabara sampuli za kificho ni mbinu halali kabisa, na maabara makini hupimwa hivyo mara kwa mara. Kwa hiyo wazo halikuwa la kijinga. Kilichokosekana ni kile ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angedaiwa: sampuli zilikuwa ngapi, nani alizichukua, zilichafuliwa njiani au la, na je, zilirudiwa? Badala ya kurudia, takwimu ziliacha kutangazwa, zikiwa zimeishia wagonjwa 509. Mashaka yalitangazwa nchi nzima, lakini namna ya kuyaondoa haikutangazwa, na mtu wa Igombe, kule kwa wavuvi, aliachwa achague upande kama anayechagua kati ya Simba na Yanga.

Watafiti nao wana utetezi wao, na sitaki kuupuuza. Fedha za mradi hutolewa kwa miezi, uchambuzi huchukua miaka. Damu inayochukuliwa kijijini wakati mwingine husafirishwa nje ya nchi kwa sababu kipimo kinachotakiwa hakipo hapa. Ukilisema hilo kwa uwazi unaweza kuamsha habari za mumiani, ukilificha umeshaanza kuwa mumiani mwenyewe. Na kuishi kijijini mwaka mzima, ukiteka maji na kulima pamba, ni njia inayopata ukweli mwingi kwa watu wachache. Waziri anayetaka tarakimu ya kanda nzima hawezi kuisubiri. Kila njia inakupa kitu na kukunyima kingine. Mimi ningeridhika kama ripoti zingesema waziwazi kilichonyimwa: tulikuja mwezi ukiwa mpevu, tulitembezwa na mwenyekiti, robo ya waliochaguliwa hatukuwakuta.

Kile kisiwa nilichododosa nilikirudia mwaka jana, safari hii kwa msiba. Ofisini kwa mtendaji kuna kitabu cha wageni, kile kikubwa chenye mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, sababu ya kuja, sahihi. Nikasubiri boti, nikakifungua nyuma. Kwenye safu ya sababu, neno "utafiti" lilikuwa limeandikwa ukurasa baada ya ukurasa, kwa miandiko mbalimbali. Nilitafuta aliyeandika "kuleta majibu", nikafika mwisho wa kitabu boti ikiwa bado haijaja.

"Unatafuta jina la nani, mwanangu?" mama mmoja aliyekuwa akingoja mhuri aliniuliza. Nikamwambia langu.