Nguvu farasi 310 mikononi mwa rubani wa saa mia

Uwanja wa ndege wa Wilson uko takriban mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Naanza na kimo hicho kwa sababu hoja nyingi kuhusu marubani wapya na ndege za kasi hutufikia zikiwa zimeshapikwa katika nchi ambako viwanja vingi viko karibu na bahari, na zikifika Nairobi zinahitaji kupimwa upya.

Hoja yenyewe ni hii. Mtu amepata leseni ya urubani binafsi mwaka jana, ana saa mia moja angani au pungufu, na biashara zake zinakwenda vizuri. Cessna 172 aliyojifunzia imemchosha. Anataka Cirrus SR22 ya nguvu farasi 310, au Bonanza, au Cessna 210 yenye turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi: ndege za injini moja, viti vinne hadi sita, zinazokimbia kilomita 300 kwa saa na zaidi. Wapo wanaosema azuiwe mpaka akomae, tuseme hadi afikishe saa 300 za jumla. Wapo wanaosema leseni ni leseni, pesa ni zake, na tena ndege mpya yenye otopailoti na parachuti ni salama kuliko mkweche wa miaka ya sabini anaoukodi kwa saa.

Nianze na hawa wa pili, maana hoja yao ina uzito zaidi hapa kwetu kuliko kwingine. Siku yenye joto la nyuzi 25, hewa ya Wilson huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,400. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Cessna 172 ya nguvu farasi 160 inabaki na kama 120, na ukiipakia watu wazima wanne pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi, inapanda kwa kusitasita huku mbele yake kuna vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinakaribia mita 2,460. Marubani wa hapa wanalijua hili: adhuhuri ya Februari, ama abiria mmoja anabaki ama mafuta yanapunguzwa. Ndege ya nguvu farasi 310 inatoka pale ikiwa na akiba, na yenye turbo inatoka bila hata kuhisi kimo. Anayesema nguvu nyingi ni anasa ya matajiri, sidhani kama amewahi kuondoka Wilson saa nane mchana na mzigo.

Ndiyo maana kanuni ya Marekani, ambayo wengi wanapenda tuiige, hainitoshelezi. Kule, ndege yenye injini inayozidi nguvu farasi 200 humtaka rubani apate mafunzo na saini ya mkufunzi kwenye daftari lake la kurukia. Ndege yenye magurudumu ya kukunja, flapu na propela inayobadilishwa pembe ina saini yake ya pili. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Mkufunzi akiridhika, basi. Kanuni inahesabu nguvu, na nguvu ndicho kitu ambacho rubani wa Nairobi anakihitaji. Na ya pili haiigusi kabisa SR22, kwa kuwa magurudumu yake hayakunjwi, ingawa kwa kasi inazipita nyingi zenye magurudumu ya kukunja.

Hatari iko kwenye kasi, na hapa kambi ya kwanza inapata nguvu. Ndege iliyoinama nyuzi 30 kwa kasi ya kilomita 167 kwa saa huchora duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 380 hivi. Iongezee kasi mara mbili, na nusu kipenyo kinakuwa mara nne: mita 1,500. Mtu aliyezoea kugeuka ndani ya bonde kwa Cessna anajikuta bonde lilelile halimtoshi. Oktoba 2006 mchezaji wa besiboli Cory Lidle, akiwa na chini ya saa mia moja za kuruka, alikufa pamoja na mkufunzi wake baada ya Cirrus SR20 yao kugonga jengo la Manhattan. Walikuwa wanageuka juu ya East River, upepo ukawasukuma kuelekea majengo, na nafasi ya kumaliza mzunguko ikaisha. Wachunguzi hawakuweza kubaini ni nani kati yao aliyekuwa ameshika usukani. Nitamrudia huyo mkufunzi.

Hewa nyepesi inazidisha hatari hiyo. Kipimo cha kasi kikionyesha kilomita 150 kwa saa ukiwa unatua Wilson mchana, kasi yako halisi hewani inakaribia 170. Rubani aliyejifunzia pwani haoni tofauti kwenye kioo. Anaiona njia ya kurukia inavyoisha mbele yake.

Halafu kuna msongamano. Wilson ina wanafunzi wanaozunguka na Cessna za taratibu, ina Caravan za mizigo na watalii, ina Dash 8 za abiria, na wote wanapita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi huku anga ya Jomo Kenyatta ikiwabana upande wa mashariki. Machi 2024 ndege ya mafunzo na Dash 8 yenye watu 44 ziligongana juu ya mbuga hiyo. Mwanafunzi na mkufunzi wake walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Hakuna tajiri mwenye haraka aliyehusika pale. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu hata kwa watu wanaoruka kila siku, na sasa mwingize hapo mtu anayeikuta ndege ya mbele yake ghafla, kwa kuwa hajazoea kwamba pengo hufungwa upesi. Toka Wilson hadi mgongo wa Ngong ni kilomita 20 hivi. Kwa 172 ni dakika sita za kuongea na mnara, kusawazisha mafuta, kutazama mawingu. Kwa SR22 hazifiki nne.

Mawingu nayo. Asubuhi za Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na wingu la chini, na upande wa Limuru na Kijabe linaweza kugusa ardhi. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo peke yake, wakawaweka katika hali ya kuigiza wingu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza udhibiti wa ndege baada ya sekunde 178. Ndege iliyotumika ilikuwa Bonanza. Watu wengi huishia kwenye hizo sekunde, na wanakosa nusu ya pili ya habari, ambayo kwangu ndiyo muhimu: lengo la utafiti lilikuwa kubuni mafunzo mafupi ya kumwezesha rubani kugeuka nyuzi 180 na kutoka winguni, na baada ya mafunzo hayo karibu wote waliweza. Hawakuhitaji miaka. Walihitaji saa chache zilizolengwa, ndani ya ndege ileile.

Bonanza ndiyo iliyopewa jina baya kuliko zote. Ilianza kuuzwa 1947, yenye mkia wa umbo la V, laini na yenye mbio, na Wamarekani wakaiita muua madaktari, kwa kuwa wanunuzi wake walikuwa wataalamu wenye fedha na muda mchache. Si haki kuwatwisha madaktari mzigo wote. Mkia ule nao ulikuwa na udhaifu, na katika miaka ya 1980 mamlaka ya Marekani iliamuru uimarishwe. Lakini njia ya kifo ilikuwa moja: rubani anaingia winguni, ubawa unainama bila yeye kuhisi, pua inashuka, ndege laini inakusanya kasi haraka kuliko ile ya kujifunzia, naye anavuta usukani kwa nguvu mpaka ndege inavunjika.

Sisi tuna daktari wetu wa kuweka upande wa pili wa mizani. Anne Spoerry alianza kujifunza urubani akiwa ameshapita miaka 40, akajiunga na madaktari warukao wa shirika la afya la AMREF waliokuwa na makao Wilson, na akaruka hadi uzeeni akihudumia kliniki za Lamu na kaskazini mwa Kenya. Alikuwa na taaluma ileile na alichelewa kuanza kama wale wa Bonanza. Kilichomtofautisha, kwa maoni yangu, ni kwamba kwake kuruka kulikuwa kazi: alirudia njia zilezile mara kwa mara, hata ndege ikawa sehemu ya juma lake. Mnunuzi wa Cirrus wa leo anaruka Ijumaa moja kwenda Mara, halafu mikutano inamfunga wiki sita.

Hapo ndipo idadi ya saa kwa jumla inapodanganya. Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alianguka baharini usiku karibu na Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake, ndani ya Piper Saratoga. Alikuwa na saa 310 hivi, na kwa kigezo cha wale wa "mpaka akomae" angepita. Ila ndani ya ndege ile, bila mkufunzi pembeni, alikuwa na saa kama 3, na za usiku hazikufika hata moja. Jumla kubwa ilificha jumla ndogo. Wala jumla kubwa sana haitoshi mbele ya mlima: Juni 2018 Caravan ya abiria iliyokuwa inatoka Kitale ilianguka milima ya Aberdare na kuua watu wote 10, na usukani ulikuwa mikononi mwa marubani wa kulipwa.

Watetezi wa ndege mpya hujibu kwa parachuti. Ni kweli Cirrus ina parachuti ya kushusha ndege nzima, na imeokoa watu zaidi ya 200. Lakini miaka ya mwanzo watu waliendelea kufa ndani ya Cirrus bila kuivuta, wakijaribu kuokoa safari hadi kimo kikaisha. Hali ilibadilika pale mafunzo yalipobadilika na wamiliki wakafundishwa kuivuta mapema. Ndege ilikuwa ileile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa Nairobi ni Jumapili jioni. Kutoka Ukunda hadi Wilson ni kilomita 450 kwa anga. Mwenye 172 anajua anahitaji zaidi ya saa mbili, na jua linazama mwendo wa saa kumi na mbili unusu, na ikweta haina machweo ya kubembeleza. Kwa hiyo saa tisa anaaga. Mwenye Cirrus anahesabu saa moja na nusu. Anaagiza kahawa nyingine pale Diani. Kasi aliyonunua ingeweza kumpa dakika 45 za akiba, naye anazitumia zote kabla ya kuwasha injini. Kisha radi ya Aprili inasimama juu ya Kajiado, na hana tena mwanga wa kuizunguka.

Basi tufanye nini? Wanaolinganisha na magari, kwamba mwenye leseni ya Vitz haulizwi akinunua Subaru, wanasahau kwamba Subaru unaweza kuiegesha kando ya barabara ukafikiri. Lakini kumzuia mtu hadi afikishe saa 300 za jumla pia ni kosa. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha leseni ya binafsi ni saa 40, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa, na ndege zote za pistoni za injini moja zinazotua nchi kavu ziko daraja moja, kuanzia Cessna 152 ya nguvu farasi 110 hadi SR22. Ukipandisha idadi ya jumla, unamwumiza kijana anayekusanya ada kwa harambee ili awe rubani wa mashirika, huku mwenye pesa akizijaza saa hizo kwa kuzunguka Magadi na 172 mchana mweupe. Atafikisha 300 bila kuwa amejifunza lolote linalohusu ndege anayoitaka.

Ningefunga sharti kwenye ndege. Saa 25 za kwanza katika ndege ya aina hiyo ziwe na mkufunzi, na ndani yake ziwemo kuondoka Wilson mchana na mzigo, kutoka winguni, kuvuka ukingo wa Bonde la Ufa, na kujipanga nyuma ya ndege za taratibu. Mwaka wa kwanza asiruke usiku na abiria. Akikaa siku 60 bila kuigusa, arudi na mkufunzi kabla ya kubeba mtu. Kampuni za bima kwa kawaida hudai mambo ya aina hii, ila bima humfunga anayeogopa hasara. Mwenye uwezo wa kulipa ada ya juu huwaponyoka. Na wanaoishi Kibera, South C na Nairobi West, chini ya njia za kuondokea, hawakuulizwa na kampuni yoyote. Ndiyo maana nataka sharti hili liwe la KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la wakufunzi. Wengi wao ni vijana wanaojikusanyia saa kwa 172 na hawajawahi kuishika SR22. Mkufunzi wa aina hiyo kando ya mwenye ndege ni wageni wawili, na ajali ya Manhattan inaonyesha kwamba kiti cha pili kikiwa na mtu si dhamana. Kwa hiyo saini iwe ya mtu mwenye uzoefu wa ndege hiyohiyo. Akikosekana Wilson, mwenye ndege amlete wa kutoka Johannesburg kwa wiki mbili. Nauli, hoteli na ujira wake hazifiki hata sehemu ndogo ya bei aliyoilipia injini.