Nywila Sahihi Haitoshi

Asubuhi moja, katika ofisi niliyokuwa nikiitunzia seva, mama mmoja wa uhasibu aliniita mezani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone. Mashine imenikubali, halafu imenikataa."

Na kweli. Jana yake hakutoka kwenye mfumo, alifunga skrini tu akaenda zake. Asubuhi aliandika nywila, skrini ikafunguka, lakini kila faili aliyoigusa kwenye seva ilimjibu kwamba hana ruhusa. Nikaandika klist, amri inayoonyesha tiketi za mtu. Tiketi yake ya Kerberos, yaani kibali cha muda kinachomtambulisha mtu kwa seva bila kurudia nywila, ilikuwa imeisha muda tangu jana saa 12 jioni, baada ya muda wa saa kumi tangu aingie.

Kosa halikuwa lake, wala la nywila. Programu ya kufunga skrini iliiuliza PAM, mfumo ambao programu za Linux na Unix huutumia kuthibitisha watumiaji, kama nywila ni yenyewe, PAM ikakubali, na tiketi mpya ikapatikana kabisa. Kisha ikatupwa, kwa sababu programu haikuita pam_setcred, sehemu ya PAM inayomkabidhi mtu tiketi yake. Mstari mmoja wa msimbo, na mama wa watu kakaa asubuhi nzima bila kazi.

Ndiyo maana nakereka PAM inapoelezwa kama bawabu wa kukagua nywila basi. Mfumo huu, uliopendekezwa na Sun Microsystems mwaka 1995, unatenganisha kumtambua mtu na kumkabidhi hati za kufanyia kazi: tiketi zake, vikundi vya ziada anavyostahili. La kwanza ni la sehemu iitwayo pam_authenticate. La pili ni la pam_setcred, ambayo inaweza kuweka hati, kuziongezea muda, kuzianzisha upya au kuzifuta. Waandishi wengi wa programu huishia kwenye la kwanza, wakiona jibu la "ndiyo" limetosha.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Thibitisha mtu, angalia kama akaunti yake bado ina ruhusa, weka hati, ndipo ufungue kikao. Vikundi vyake vya kawaida vipangwe kabla ya pam_setcred. Ukivipanga baadaye, utafuta vile ambavyo moduli (kipande cha PAM) kama pam_group imemwongezea, nawe utahangaika kutafuta vilikopotelea.

Linaloniuma zaidi ni kufuta. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, tiketi mara nyingi hukaa kwenye faili ndani ya /tmp, jina lake likianza na krb5cc. Mtu akitoka bila programu kufunga kikao na kuita pam_setcred kwa PAM_DELETE_CRED, agizo la kufuta hati, faili ile inaweza kubaki, na atakayeweza kuisoma ataitumia kwa jina la mwenzake hadi muda uishe. Kwangu huo ni uzembe uleule wa kuacha funguo mlangoni.

Nanyi mnaohariri /etc/pam.d, folda ya mipangilio ya PAM, kumbukeni kwamba mistari inayoanza na neno auth hupitiwa wakati wa kuthibitisha, ikapitiwa tena wakati wa kuweka hati. Ukiuhamisha mmoja, jaribu yote mawili.

Tulibadilisha programu ile ya skrini, tukaweka inayoita pam_setcred kwa PAM_REINITIALIZE_CRED, agizo la kuanzisha hati upya. Kesho yake nilipita kwa yule mama kabla hajaniita. Skrini ilikuwa imefunguka, klist ikionyesha tiketi ya saa 2 na dakika 4 asubuhi hiyohiyo, na yeye ameshazama kwenye hesabu zake.